Land Rover Isiyoshika Njia: Namna ya Kutafuta Ugonjwa wa Usukani na Magurudumu



Mazungumzo yetu leo yahusu jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni kuchunguza usukani na magurudumu ya gari kuukuu la nchi mbaya. Hatutaki kumgeuza kila msikilizaji kuwa fundi. Tunataka kila mtu ajuaye kusoma, na mwenye macho na mikono, aweze kutambua hatari kabla haijampata, na aweze kumwambia fundi maneno yenye maana.

Sisi wa Kisanga, katika Wilaya ya Kilosa, twajua kazi ya gari la namna hii. Mahindi hayaendi mnadani yenyewe, wala mgonjwa aliyezidiwa usiku hawezi kungoja mpaka tope likauke. Wakati wa masika njia huwa utelezi na mifereji. Wakati wa kiangazi mifereji ile hukauka ikawa migumu kama matofali, na kila gurudumu hupigwa mamia ya mapigo katika safari moja. Tena atokaye kwetu akafika Mikumi huingia barabara kuu iendayo Iringa mpaka Zambia, nayo yapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964. Huko nyati au twiga aweza kuvuka ghafula mbele yako. Gari lisiloshika njia mahali kama hapo si gari bovu tu, ni jeneza lenye magurudumu.

ASILI YA GARI HILI

Gari tutakalolitumia kuwa mfano ni Land Rover ya zamani yenye springi za mabamba. Mwaka 1947 Bwana Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na gari la Kimarekani, Jeep, lililobaki baada ya vita, akilitumia shambani kwake. Akaona faida ya kutengeneza gari kama lile kwa ajili ya wakulima. Gari la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya madini ya aluminiamu, kwa kuwa chuma wakati ule kilikuwa adimu. Magari ya namna hiyo yenye springi za mabamba yaliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985, na ndugu zao wenye springi za kuviringika wakaendelea mpaka Januari 2016.

Twasema habari hizi kwa sababu moja: gari lililotoka kiwandani zaidi ya miaka 40 iliyopita limepita katika mikono mingi. Huenda vifaa vyake si vile vya asili, na huenda fundi wa tatu alificha kosa la fundi wa pili. Kwa hiyo usiamini kitu mpaka umekigusa.

MLOLONGO WA USUKANI

Kabla ya kutafuta ugonjwa yatupasa kuujua mwili. Dereva akizungusha usukani, mti wa usukani huzunguka ndani ya sanduku la usukani lililofungwa kwenye chesisi. Sanduku hilo hugeuza mzunguko kuwa mwendo wa mkono wa chuma. Mkono huo husukuma fito ya kwanza, iendayo mbele. Fito hiyo hushika mkono wa juu wa kifaa kiitwacho rilei, ambacho ni mhimili mfupi uliosimama ndani ya mtambaa wa mbele wa chesisi. Chini ya rilei kuna mkono mwingine, nao husukuma fito ya pili mpaka kwenye gurudumu moja. Mwisho, fito ya tatu, ambayo mafundi huiita tairodi, huliunganisha gurudumu hilo na mwenzake, yageuke pamoja.

Basi fito ni tatu, na kila fito ina boljointi mbili, moja kila mwisho, jumla sita. Kila gurudumu la mbele nalo husimama juu ya pini mbili, ya juu na ya chini, zilizomo katika nyumba ya chuma iliyo mviringo kama mpira. Ndani yake mna mafuta.

Mlolongo huu ni kama watu waliosimama mstari wakipeana ndoo za maji kuzima moto. Mmoja akizembea, maji hayafiki, ijapokuwa wengine wote ni hodari. Kazi ya mchunguzi ni kumtafuta yule mmoja.

PEMBE TATU ZA GURUDUMU

Wengi hudhani gurudumu husimama wima kabisa na kuelekea mbele kabisa. Sivyo. Tazama baiskeli yako: uma wa mbele umeinama kidogo, haukusimama wima. Kuinama huko husaidia gurudumu kupenda kurudi katikati. Pini za Land Rover hii nazo zimelazwa nyuma kiasi cha nyuzi 3 kwa sababu hiyo hiyo. Pili, magurudumu yenyewe yameinama nje kwa juu kiasi cha nyuzi moja na nusu. Pembe hizi mbili hazina skrubu ya kuzirekebisha. Zikiharibika, kitu kimepinda, kimelika, au kimefungwa vibaya.

Pembe ya tatu yaweza kurekebishwa. Magurudumu ya mbele hutakiwa kuelekeana kidogo sana kwa mbele, kama miguu ya mtu ambaye vidole gumba vyake vyakaribiana atembeapo. Kipimo chake katika gari hili ni milimita 1.2 mpaka 2.4, yaani umbali kati ya magurudumu upande wa mbele upungue kwa kiasi hicho kuliko upande wa nyuma. Lakini angalieni: Land Rover zenye springi za kuviringika, zilizoanza kutoka mwaka 1983, zimeagizwa kinyume, magurudumu yapanuke kidogo kwa mbele. Usichukue kipimo cha gari moja ukakitia katika jingine.

ANZA KWA VITU RAHISI

Fundi asiye mwaminifu huanza kwa kuuza. Mchunguzi mwema huanza kwa kutazama. Haifai kununua tairi mpya mbili wakati ugonjwa ni nati moja iliyolegea.

Kwanza, tazama upepo wa tairi zikiwa baridi. Tairi moja ikiwa na upepo mdogo, gari huvuta upande wake, na usukani huwa mzito. Tazama pia kama tairi zote mbili za mbele ni za namna moja na kimo kimoja.

Pili, ikiwa gari lavuta upande na upepo ni sawa, badilisha magurudumu ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa limo katika tairi. Likivuta upande ule ule, tairi haina hatia. Kumbuka ya kuwa kwetu twaendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi zimeinama kuelekea mfereji ili maji yatoke. Gari zima kabisa laweza kuvuta kushoto kidogo kwa ajili ya mteremko huo. Lijaribu mahali palipo sawa kabla ya kulihukumu.

Tatu, endesha mwendo wa kilometa chache bila kukanyaga breki sana, kisha simama na ukaribishe kiganja kwenye kila habu, bila kuigusa kwa pupa. Habu moja ikiwa moto kuliko wenzake, breki yake haiachii, au beringi yake imekazwa mno. Gari huvuta upande huo.

Nne, tazama kama gari limeachwa likivuta kwa magurudumu yote manne katika njia ngumu. Katika tope hilo ni jambo jema. Katika lami, magurudumu ya mbele na ya nyuma hupishana mwendo kila gari likatapo kona, na kwa kuwa hayana nafasi ya kuteleza, mashine hujikaza na usukani huwa mzito kama umefungwa kamba. Rudisha gari kwenye magurudumu mawili, kisha upime tena.

TAIRI NI BARUA

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya magurudumu yaliyopotoka ni tairi. Tairi iliyolika mabega yote mawili imekosa upepo. Iliyolika katikati imejazwa mno. Iliyolika bega moja tu yaonyesha gurudumu limeinama, au pini zimelika, au mwelekeo wa mbele si sawa. Yenye mashimo mashimo kama makanyagio yaonyesha gurudumu larukaruka, kwa kuwa halina uzani sawa au shokomzoba imekufa.

Ipo ishara nyingine isiyoonekana kwa macho. Pitisha kiganja polepole juu ya meno ya tairi, toka nje kwenda ndani ya gari, kisha rudisha toka ndani kwenda nje. Ikiwa mkono wapita laini ukienda ndani, lakini wakwaruzwa ukirudi nje, magurudumu yameelekeana mno kwa mbele. Ikiwa wakwaruzwa ukienda ndani na laini ukirudi, yamepanuka mno. Maskini asiye na chombo cha kupimia ana kiganja chake.

USUKANI UNAOCHEZA

Ikiwa dereva huzungusha usukani na magurudumu yachelewa kujibu, chukua mwenzako mmoja. Gari lisimame juu ya magurudumu yake, mashine imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Mwenzako auzungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kuacha. Wewe ufuate mlolongo toka mwanzo, ukitazama na kushika kila kiungo.

Mti wa usukani ukizunguka na mkono wa sanduku usijongee, kosa limo ndani ya sanduku. Sanduku lenyewe likitikisika juu ya chesisi, bolti zimelegea au chuma kimepasuka, nalo ni jambo la kusimamisha safari papo hapo. Mkono ukijongea na fito isijongee mara moja, boljointi imelika. Weka kidole juu yake nawe utausikia mshituko. Mkono wa juu wa rilei ukijongea na wa chini ukichelewa, mkono mmojawapo umelegea juu ya mhimili wake. Nenda hivyo mpaka gurudumu la pili.

Sanduku lina skrubu ya kupunguza ulegevu, yenye nati ya kuizuia. Wengi hukimbilia skrubu hiyo kwanza, wakiikaza ili kuficha boljointi zilizokufa. Hilo ni kosa kubwa. Matokeo yake usukani hukazana, na hatari ibaki pale pale. Skrubu iguswe mwisho, baada ya viungo vyote kuthibitika kuwa vizima, na magurudumu yakiwa yanaelekea mbele.

GURUDUMU LINALOTIKISIKA

Sasa inua upande mmoja wa mbele kwa jeki. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na uweke gogo imara chini ya ekseli. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki haina huruma.

Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ya mguu, kisha ujaribu tena. Ikiwa kucheza kumekwisha, kosa ni beringi za gurudumu, maana breki imezifunga habu na nyumba yake pamoja. Ikiwa gurudumu bado lacheza, kosa ni pini za juu na chini. Ni jaribio dogo, la dakika mbili, nalo hukuepusha na kufungua vitu visivyo na kosa. Kisha shika gurudumu kushoto na kulia; likicheza upande huo tu, rudi kwenye boljointi.

Pini hizi hukazwa kwa vibati vyembamba vilivyo chini ya kifuniko chake. Kibati kikiondolewa, pini hukazika, kikiongezwa, hulegea. Zikilegea sana, gari likikanyaga shimo, magurudumu ya mbele huanza kutetemeka kushoto na kulia kwa nguvu, hata dereva akashindwa kushika usukani. Likikupata hilo, usikanyage breki kwa hofu. Shika usukani imara, toa mguu kwenye mafuta, liache gari lipunguze mwendo. Zikikazwa mno, usukani huwa mzito na haurudi katikati baada ya kona.

Wakati huo huo tazama mafuta ya nyumba ya pini. Gari lililovuka mto wakati wa masika, kama sili yake imechakaa, huingiza maji. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yamwage na utie mapya kabla kutu haijala beringi.

USUKANI MZITO

Ikiwa upepo ni sawa, na gari liko kwenye magurudumu mawili, na usukani bado ni mzito, gawanya mlolongo. Inua magurudumu yote mawili ya mbele. Fungua fito ya pili pale inaposhika gurudumu, kisha geuza magurudumu kwa mkono. Yakiwa mazito, kosa ni pini au tairodi. Yakiwa mepesi, kosa liko nyuma yake. Basi fungua fito ya kwanza kutoka kwenye rilei, uujaribu mkono wa rilei peke yake. Mara nyingi utaikuta rilei imekauka, kwa sababu imefichika na watu husahau kuitia mafuta.

Hapa natoa onyo. Ndani ya rilei mna springi yenye nguvu nyingi iliyobanwa. Asiyejua akiifungua, hurukia usoni kama risasi. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye vyombo.

SPRINGI NA EKSELI

Gari likienda huku limekaa upande kama kaa wa pwani, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Pima toka katikati ya habu ya mbele mpaka katikati ya habu ya nyuma, kulia, kisha kushoto, usukani ukiwa umeelekea mbele. Vipimo vikitofautiana, ekseli imehama. Tazama yubolti kama zimelegea, bamba kuu la springi kama limekatika, na bolti ya katikati inayoyashika mabamba pamoja. Kadhalika, shakeli zilizobadilishwa kwa ndefu ili kuliinua gari hubadili ule ulalo wa pini tulioutaja, na gari hupoteza hamu ya kwenda mbele.

KUPIMA MWELEKEO

Kazi hii ifanywe mwisho, baada ya kuondoa ulegevu wote. Kupima magurudumu yenye viungo vilivyolegea ni kupima kivuli cha mti wakati wa upepo.

Simamisha gari mahali palipo sawa, lisukume mbele kidogo, usukani umenyooka. Weka alama ya chaki mbele ya kila gurudumu la mbele, kwenye ukingo wa rimu upande wa ndani, katika kimo cha katikati ya habu. Pima kati ya alama mbili hizo kwa fito mbili nyembamba zilizofungwa pamoja, ukizivuta mpaka zigusane na rimu zote mbili, kisha uzikaze. Sasa sukuma gari mbele, wala usilirudishe nyuma, mpaka magurudumu yazunguke nusu, alama zile zile zije nyuma katika kimo kile kile. Pima tena. Kwa kutumia alama zile zile, rimu iliyopinda haikudanganyi.

Nafasi ya nyuma ipite ile ya mbele kwa milimita 1.2 mpaka 2.4. Ikiwa sivyo, legeza vibano vya tairodi, uizungushe. Mwisho wake mmoja una nyuzi za kulia na mwingine nyuzi za kushoto, kwa hiyo ikizungushwa huongezeka au hupungua urefu. Kaza vibano, sukuma gari tena, pima mara ya pili.

MAMBO YASIYOFAA KABISA

Kwanza, fito ya usukani iliyopinda isinyooshwe kwa moto wala isiungwe kwa kulehemu. Chuma kilichotiwa moto hubadilika nguvu zake. Chaweza kushika mwezi mzima, kikakatika siku gari limejaa watu. Pili, kila nati ya boljointi iliyotengenezwa kwa pini ya kuzuia ipate pini mpya. Waya wa ua na msumari si badala yake. Tatu, gari lenye boljointi iliyolegea sana lisichukue abiria hata kama safari ni fupi, hata kama mwenye mzigo atoa nauli maradufu.

Ndugu zangu, usukani haufi kwa siku moja. Hutoa taarifa kwa tairi, kwa mlio, kwa uzito na kwa kucheza, miezi mingi kabla ya ajali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika gari, ukuta mwingine haujengeki tena, kwa kuwa ni uhai wa mtu. Mwenye gari atenge nusu siku kila baada ya masika, aite kijana mmoja wa kumshikia usukani, afuate mlolongo toka mwanzo hata mwisho.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Taja fito tatu za usukani, na idadi ya boljointi zake.
2. Gurudumu lililoinuliwa lacheza juu na chini, nalo laacha kucheza breki ikikanyagwa. Kosa liko wapi?
3. Kwa nini alama za chaki zile zile hutumika mbele na nyuma?
4. Gari lavuta kushoto. Baada ya kubadilisha magurudumu ya mbele, lavuta kulia. Wapaswa kutengeneza nini?
5. Eleza kwa nini skrubu ya sanduku la usukani iguswe mwisho.